Nzi Asiye na Uzito: Jinsi Trauti Wanavyovuliwa Katika Mito na Maziwa ya Milimani

Mtu aliyezoea kuvua kwa mshipi wenye chubwi anajua kwamba kinachoifikisha ndoana mbali ni uzito wa risasi iliyofungwa karibu nayo. Risasi hutangulia, mshipi hufuata. Mtu huyo huyo akikabidhiwa fimbo ya kuvulia trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia, akairusha kwa mazoea yake, nzi ataanguka karibu na miguu yake na mshipi utamwangukia mabegani. Kosa si la mkono wake. Nzi wa bandia ni manyoya machache yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana ndogo, na uzito wake wote ni sehemu ndogo ya gramu moja. Hakuna nguvu ya mkono itakayomfikisha mita kumi na mbili, kama vile hakuna awezaye kurusha unyoya mmoja wa kuku ukavuka barabara.

Hapo ndipo fundo la kwanza la uvuvi huu linapofunguka: anachokirusha mvuvi ni mshipi wenyewe, na nzi ni abiria tu. Mshipi huo ni mnene, umefunikwa kwa plastiki, na uzito wake umetawanyika kwenye urefu wake badala ya kukusanyika mahali pamoja. Fimbo, ambayo kwa kawaida ina urefu wa karibu mita 2.7, hupindishwa na uzito huo kisha hujinyoosha na kuusukuma. Mvuvi huuinua mshipi kutoka majini, huupeleka nyuma ya bega lake, huisimamisha fimbo ghafla, hungoja mshipi unyooke nyuma yake, ndipo huisukuma fimbo mbele na kuisimamisha tena. Kila fimbo inaposimama, mshipi hujikunja kuwa kitanzi kinachosafiri hewani kikijifungua, mpaka mwisho wake unapomlaza nzi juu ya maji.

Kungoja huko kwa nyuma ndiko kunakowashinda wengi. Mshipi wa mita kumi huchukua muda mrefu zaidi kunyooka kuliko wa mita tano, kwa hiyo kadiri mvuvi anavyotoa mshipi mwingi ndivyo anavyotakiwa kuchelewa, ilhali hofu ya kuuona ukianguka humfanya aharakishe. Akisukuma mbele kabla ya wakati, husikia mlio kama wa mjeledi, na pengine nzi wake ameshakatika. Akiongeza nguvu kwa ghafla katikati ya mwendo, ncha ya fimbo huzama badala ya kwenda katika mstari ulionyooka, kitanzi hujikatiza chenyewe, na uzi hujifunga fundo dogo linalopunguza nguvu zake. Mafundo hayo wavuvi huyasingizia upepo. Mara nyingi upepo hauna hatia.

Vipimo vya zana navyo vimewavunja moyo watu wengi kuliko inavyostahili. Mshipi na fimbo hupewa namba inayopanda pamoja na uzito, na hiyo inaeleweka: katika kipimo cha Kimarekani kinachotumika sana duniani, mshipi wa namba 5 ni ule ambao mita tisa zake za mwanzo zina uzito wa karibu gramu 9, na fimbo inayolingana nao hubeba namba hiyo hiyo. Kwa trauti wa milimani, namba 3 hadi 6 hutosha karibu kila mahali. Lakini kati ya mshipi mnene na nzi kuna ugwe usioonekana kirahisi, unaopungua unene hatua kwa hatua, na unene wa ncha yake huandikwa kwa herufi X katika mpangilio unaokwenda kinyume: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Njia ya kuusoma ni kuitoa namba hiyo kutoka 11. Jibu ndilo unene wa uzi, ukihesabiwa katika sehemu za elfu moja za inchi. Uzi wa 4X, basi, una inchi 0.007, yaani karibu milimita 0.18, na wa 6X una inchi 0.005, karibu milimita 0.13. Ndoana pia huenda kinyume, ya namba 18 ikiwa ndogo kuliko ya namba 12. Ukishayajua hayo matatu, sehemu kubwa ya maandishi yaliyo kwenye vifurushi vya zana itakuwa imeacha kuwa fumbo.

Tumwangalie sasa samaki mwenyewe, kwa sababu mambo mengine yote yanatokana na mwili wake. Jina trauti hutumika kwa samaki zaidi ya mmoja. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya, magharibi mwa Asia na baadhi ya mito ya milima ya Atlas kaskazini mwa Afrika. Trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni, ni wa mito inayoingia Bahari ya Pasifiki kutoka Amerika Kaskazini na rasi ya Kamchatka. Wote wawili ni samaki wa maji baridi. Joto la mwili wao ni joto la maji waliyomo, na hula kwa bidii maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi za Selsiasi. Yakizidi 20 huanza kutaabika, na yanapokaribia 25 maisha yao huwa hatarini.

Sababu si joto peke yake, bali pia hewa. Maji ya nyuzi 10 yaliyo usawa wa bahari yanaweza kushika karibu miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubaki na 9 tu, wakati ambapo mwili wa samaki, kwa kuwa umepata joto, unadai oksijeni nyingi zaidi. Mlimani kuna ushuru mwingine: kwenye mwinuko wa mita 3,000 kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 30, na kiasi cha oksijeni ambacho maji yanaweza kushika hupungua vivyo hivyo. Kinachowaokoa trauti wa huko ni ubaridi wa maji na maporomoko yanayoyachanganya na hewa bila kukoma. Ndiyo maana siku ya jua kali utawakuta chini ya maporomoko, penye povu, na asubuhi ya baridi kali utawakuta kwenye maji ya pole yanayopashwa na jua.

Pamoja na hewa kuna hesabu ya nguvu. Trauti aliyemo mtoni anaishi ndani ya upepo usiokoma, na akiogelea muda wote kuupinga mkondo atatumia nguvu nyingi kuliko chakula kinavyoweza kumrudishia. Kwa hiyo hutafuta mahali ambapo maji ni ya pole, lakini mkondo wa kasi unapita karibu vya kutosha kwake kuchomoka, kudaka kitu na kurudi. Mto humletea chakula mlangoni. Ziwani hakuna mkondo wa namna hiyo, chakula hakimjii, na inambidi azunguke kukitafuta. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo moja ndiyo inayofafanua karibu kila kitu kinachoonekana kuwa kanuni zisizo na mpango katika uvuvi huu: mtoni mvuvi hutafuta mahali, ziwani hutafuta njia.

Chukua jiwe moja lenye ukubwa wa meza, limekaa katikati ya mto wa mlimani, maji yakilipita pande zote mbili. Mtu asiyeujua mto atadhani samaki amejificha nyuma yake, na mara nyingi kweli yupo hapo. Lakini mbele ya jiwe pia, maji yanapoligonga na kurudi nyuma kidogo, hutokea kitu kama mto wa kulalia kichwa, laini, wa maji ya pole, na trauti mwenye nguvu hupenda kulalia hapo kwa sababu anakiona chakula kabla ya wengine. Nyuma ya jiwe, maji yaliyogawanyika hukutana tena, na kati ya mkondo wa kasi na maji yaliyotulia kuna mpaka unaoonekana kwa macho, mstari wa mapovu madogo na majani makavu yanayosafiri kwa foleni. Mstari huo ni wa kuufuatilia kwa makini, kwa kuwa maji yanayobeba mapovu ndiyo yanayobeba wadudu. Trauti akiweka pua yake kando ya mpaka huo, mwili wake unakuwa kwenye maji ya pole na mdomo wake uko hatua moja kutoka kwenye chakula. Chini kabisa, karibu na changarawe, maji hupunguzwa kasi na msuguano, na hiyo ndiyo sababu mto unaoonekana juu kuwa mkali mno kwa kiumbe chochote unaweza kuwa na samaki waliotulia kwenye sakafu yake.

Katika mto huo wadudu wanaohesabika zaidi ni wa makundi matatu, ambao hukaa majini sehemu kubwa ya maisha yao na kutoka hewani kwa muda mfupi tu. Wa kwanza ni wa oda ya Ephemeroptera, wadudu wa siku moja, wenye mabawa yaliyosimama wima kama matanga. Huweza kuishi chini ya mawe kwa mwaka mzima wakiwa tunutu, yaani wachanga wanaofanana na wakubwa ila hawana mabawa kamili, kisha huelea juu, hujivua ngozi na kuruka. Ndio wadudu pekee wanaojivua ngozi mara nyingine tena baada ya kupata mabawa. Wakishafika hapo hawali chochote; hupandana, hutaga mayai na kufa, wengine ndani ya saa chache. Wa pili ni wajenzi, ambao lava wao, yaani wachanga wasiofanana na wakubwa, hujitengenezea vifuko vya mchanga au vijiti na kutembea navyo kabla ya kuwa pupa, hatua ya kati kabla ya kupata mabawa. Wa tatu ni wadudu wa mawe, ambao hutambaa mpaka nchi kavu kabla ya kujivua. Huyo wa tatu hampi samaki nafasi kubwa ya kumla juu ya maji wakati wa kubadilika, na ndiyo maana mfano wake huvuliwa zaidi chini, kwenye sakafu ya mto.

Kwa nini mvuvi ahangaike na elimu ya wadudu? Kwa sababu ya kisa kinachomkuta kila mmoja. Jioni imefika, maji yamejaa viduara vya samaki wanaokula, wadudu wanaruka kila upande, naye anamtupa nzi anayefanana nao kabisa, anayeelea vizuri, na samaki wanampita kama hawamwoni. Tatizo mara nyingi ni la sentimita chache. Mdudu anayetoka majini hukwama kwa muda kwenye ngozi ya juu ya maji, nusu yake ikiwa bado ndani ya ganda, na wakati huo hawezi kukimbia. Trauti hupendelea mnyonge huyo kuliko yule aliyekwisha kunyoosha mabawa. Ipo dalili ya kuwatofautisha: samaki akila juu ya maji, pua yake huonekana na pengine povu hubaki pale alipokula, kwa sababu amemeza hewa kidogo; akila chini kidogo ya uso, utaona mgongo na ncha ya mkia, bila povu. Anayeona migongo tupu amwondoe nzi anayeelea, afunge anayening'inia chini ya uso wa maji.

Wazo la kuiga mdudu kwa sufu na manyoya ni la kale. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata mwaka 200 BK, aliwataja watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwanasa samaki wenye madoadoa. Tangu hapo aina za nzi zimezidi kuongezeka hata orodha zake zinatisha. Mimi nawaamini wachache: mmoja mdogo anayeelea, mmoja wa kijivu au kahawia anayezama, na mmoja mkubwa wa kiangazi anayefanana na panzi au mbawakawa aliyeanguka kutoka kwenye nyasi. Nitakuwa nimewaudhi wafungaji nzi, lakini samaki wa mlimani, anayeishi mahali ambapo chakula ni haba na hupita haraka, hana nafasi ya kuchagua kama ndugu yake wa mito mipana na tulivu. Anachokikataa kwa hakika ni mwendo usio wa kawaida.

Mwendo ndio fundo gumu kuliko yote. Rudi kwenye lile jiwe. Mvuvi amesimama kwenye maji ya pole upande wake, kati yake na jiwe unapita mkondo wa kasi, na ng'ambo, kwenye mstari wa mapovu, trauti ameinua pua. Anarusha. Nzi anatua vizuri kabisa kwenye mstari. Kwa sekunde moja anasafiri pamoja na mapovu, sawa na kitu kilichoanguka chenyewe. Lakini mshipi umelala juu ya mkondo wa kasi, na mkondo umeshaanza kuubeba. Mshipi unapinda kama upinde, unakaza, na nzi anaanza kuburutwa akiacha nyuma yake alama ya V juu ya maji. Hakuna mdudu mdogo anayeogelea hivyo. Trauti aliyekuwa akijongea anageuka, na pengine hatarudi tena kwa nusu saa.

Dawa zake ni kadhaa, na zote lengo lake ni kumpa nzi sekunde mbili au tatu zaidi za uhuru. Mvuvi anaweza kuinua sehemu ya mshipi mara tu inapotua na kuilaza upande wa juu wa mkondo, ili mkondo uwe na kazi ya kuurudisha kabla ya kuanza kumvuta nzi. Anaweza kuurusha ukiwa umelegea, ukaanguka kwa mawimbi mawimbi. Njia iliyo bora katika mito midogo, na isiyopewa heshima yake, ni kusogea karibu na kuinua fimbo juu ili mshipi usiguse maji yale ya kasi kabisa. Wajapani walilifikisha wazo hili mwisho wake katika uvuvi wao wa vijito vya milimani unaoitwa tenkara: fimbo ndefu, uzi mwepesi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha, bila gurudumu la kukunjia mshipi. Kinachogusa maji ni nzi na uzi kidogo tu, kwa hiyo hakuna cha kuburutwa.

Kwa nzi anayezama hesabu ni ile ile, ila imegeuzwa kwa kwenda chini. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, boya linaloelea juu humvuta nzi aliye karibu na changarawe kwa kasi kuliko chakula kingine kinavyosafiri hapo. Wavuvi wa Poland na wa iliyokuwa Chekoslovakia walitatua jambo hili kwa kuacha boya na mshipi mnene, wakatumia nzi wazito kwenye uzi mfupi uliokazwa kutoka ncha ya fimbo, na mashindano ya dunia ya miaka ya 1980 yakaieneza mbinu hiyo. Leo nzi hao huvalishwa shanga ya tangsteni, madini yenye msongamano mkubwa kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu, ili mdudu mdogo aweze kuzama haraka bila kunenepeshwa. Samaki akimdaka hakuna mshtuko wa kusubiri. Uzi husita tu kidogo, na anayengoja kuvutwa atakuwa amechelewa.

Lipo pia suala la macho ya samaki, ambalo lina hesabu yake nzuri. Mwanga unapoingia majini hupinda, na matokeo yake ni kwamba trauti anaiona dunia ya juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa takriban mara mbili na robo ya kina alichopo. Aliye sentimita 30 chini ya uso ana dirisha la karibu sentimita 68. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi sakafu ya mto, na nzi anayekuja akielea huonekana kwanza kama vishimo vidogo vya miguu vilivyobonyezwa kwenye kioo hicho. Vitu vilivyo chini sana, karibu na upeo wa macho, hubanwa kwenye ukingo wa dirisha mpaka visitambulike. Kwa hiyo mvuvi anayeinama, au anayepiga magoti ukingoni, huwa ametoweka kabisa, wakati aliyesimama wima penye anga nyuma yake ameonekana zamani. Na kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, anayepanda mto humjia kwa nyuma, mahali ambapo macho yake hayafiki.

Ziwani karibu kila kitu cha hayo hubadilika. Hakuna jiwe la kulindia mahali, hakuna mstari wa mapovu unaoleta chakula, na mvuvi aliyetoka mtoni hufanya kosa la kurusha mbali kadiri awezavyo, kuelekea katikati ya ziwa, kana kwamba ukubwa wa maji ndio wingi wa samaki. Chakula cha ziwa la mlimani kimejaa pale mwanga wa jua unapofika chini na kuotesha mimea, yaani ukanda wa kandokando, na samaki huuzunguka ukanda huo, hasa pale sakafu inapoteremka ghafla kwenda kwenye giza. Mara nyingi trauti wakubwa wako mita tatu kutoka ukingoni, na mvuvi anayekimbilia majini kwa buti huwafukuza kabla hajaanza.

Basi ziwani, kazi ya kwanza ni kukaa kimya juu ya mwinuko na kutazama. Trauti anayeonekana akipita kandokando ya ukingo ana mzunguko wake, na akishapita mahali fulani kuna uwezekano mkubwa wa kupita tena. Kumrushia nzi kichwani ni kumfukuza. Nzi hutangulizwa mita mbili au tatu mbele ya njia yake, huachwa azame na kutulia, na samaki anapokaribia huvutwa kidogo, sentimita kumi hivi, kama kitu kilichoshtuka. Hapo ndipo mwendo, ambao mtoni ulikuwa adui, unapogeuka kuwa msaada: tunutu wa kereng'ende, ruba na konokono wa majini hawabebwi na mkondo, bali hujongea wenyewe, kila mmoja kwa mwendo wake.

Mdudu mkuu wa maziwa haya, hata hivyo, ni usubi usiouma. Lava wake huishi kwenye tope la chini, kisha hugeuka pupa na kupanda polepole sana kuelekea juu, akipumzika njiani. Hapa subira ya mvuvi hupimwa kweli kweli, kwa sababu nzi anayeiga pupa huyo hutakiwa aning'inie chini ya boya karibu bila kutikisika, mawimbi yakimpandisha na kumshusha kiasi chake. Nimewahi kufikiri kwamba huo si uvuvi, ni kungoja basi. Lakini unaleta samaki.

Kina nacho kina utaratibu wake. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, na kwa hiyo wakati wa joto ziwa lenye kina hujipanga kwa matabaka: ya vuguvugu juu, ya baridi chini, na katikati tabaka jembamba ambamo joto hushuka kwa haraka. Trauti hutafuta pale ambapo ubaridi na oksijeni vinapatana. Barafu inapoyeyuka, kwa upande mwingine, ni maji ya kina kifupi yanayopata joto kwanza, na samaki husogea ukingoni mchana kutwa. Anayetumia mshipi unaozama hupima kina kwa kuhesabu. Mshipi unaozama sentimita 7.5 kwa sekunde, ukiachwa kwa sekunde 20, umefika mita moja na nusu. Asipopata kitu, safari inayofuata huhesabu hadi 30, kisha 40, mpaka nzi aguse majani ya chini au samaki. Namba iliyoleta samaki hukaririwa na kurudiwa, kwa kuwa wenzake huenda wako kina hicho hicho.

Upepo, ambao mtoni ni kero, ziwani ni mshirika. Husukuma wadudu walioanguka kuelekea upande mmoja, na hutengeneza njia laini juu ya maji yenye mawimbi, ambamo vitu vinavyoelea hukusanyika. Mchana, milima inapopata joto, hewa ya mabondeni hupanda na kubeba sisimizi wenye mabawa, mbawakawa na wadudu wengine wa msituni mpaka kwenye maziwa yaliyo juu ya mstari wa miti, mahali ambapo wasingefika kwa nguvu zao. Samaki wa ziwa lenye maji masafi na chakula kidogo anaweza kutegemea sana mvua hiyo ya wadudu wa mbali.

Ubaridi wa maji, uliotuongoza tangu mwanzo, huamua pia kama samaki aliyenaswa na kurudishwa ataishi. Samaki aliyepigana kwenye maji ya nyuzi 12 na akashikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa ndoana isiyo na kijino cha kuzuia, akakaa nje ya maji kwa sekunde chache tu, ana nafasi nzuri sana. Yule yule kwenye maji ya nyuzi 21 anaweza kuogelea akaondoka na kufa baadaye mahali asipoonekana, na kwa hiyo kipimajoto ni kifaa cha lazima kuliko nzi wa hamsini. Buti pia zina historia. Zile zenye soli ya manyoya yaliyoshindiliwa hushika vizuri kwenye mawe yenye utelezi, lakini hubaki na unyevu kwa muda mrefu na zinaweza kuhamisha mwani vamizi kutoka mto hadi mto. New Zealand, ambako mwani uitwao didymo ulionekana mwaka 2004, ilizipiga marufuku kwa wavuvi mwaka 2008.

Trauti wenyewe ni wahamiaji katika sehemu nyingi wanakovuliwa leo. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk iliwasili Australia kutoka Uingereza ikiwa na mayai ya trauti wa kahawia yaliyofungwa ndani ya kuvumwani na barafu, nayo yakaanguliwa Tasmania. Kutoka hapo na kwingineko samaki huyu alisambazwa katika mito ambayo haikuwahi kumjua. Trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua wote wamo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN. Maziwa mengi ya juu milimani hayakuwa na samaki hata mmoja, kwa sababu maporomoko yaliwazuia kupanda. Kwenye milima ya Sierra Nevada huko California, trauti waliopandikizwa, baadhi wakimwagwa kutoka kwenye ndege, waliwala viluwiluwi wa chura wa huko mpaka wakakaribia kwisha, na baadaye wahifadhi wakaanza kuwaondoa trauti kwa nyavu katika baadhi ya maziwa. Vyura wamerudi katika maziwa hayo. Mvuvi anayepanda huko akiwa na fimbo yake atayakuta maziwa ya aina mbili, yakiwa wakati mwingine yametenganishwa na bonde moja tu, na kabla ya kufungua mshipi humbidi ajue yuko kwenye lipi.